Sema Ikiuma

Jumatatu, 12 Machi 1956

Mvua imeanza leo saa nane mchana, nikiwa nimebakiza mistari sita tu kumaliza shamba la juu. Ekari tisa.

Daftari hili alinipa Bwana Wickens niandike ekari ninazolima na mafuta ninayotumia. Upande wa mbele naandika hayo. Upande wa nyuma ni wangu, na yeye hafungui nyuma.

Nyapara wetu, Nicodemus Obura, ana jino. Tangu asubuhi analia nalo mbele ya watu, mtu mzima mwenye watoto watano: "Woi, mama yangu, nakufa!" Wanawake wanaochuma maua ya pareto walimzunguka wakimpa pole. Mimi juu ya trekta nilicheka mpaka nikasahau klachi, trekta ikazimika. Kwetu mwanamume anayelia hivyo hapewi hata kiti. Jioni nilimsimulia mke wangu, Chepkurui. Hakucheka. Alisema, "Angalau watu wote wanajua ni jino gani."

Alhamisi, 15 Machi

Mvua. Ekari saba.

Jumamosi, 17 Machi

Plau ilinasa kwenye kisiki upande wa barabara ya Sachangwan. Nilishuka tukaiinua, mimi na Kemboi, anayeshika usukani nikienda kula. Tulipoinua mara ya pili kitu kilikatika kiunoni mwangu, kama uzi wa gunia unavyokatika. Kemboi aliuliza, "Vipi, mzee?" Nikamwambia avute. Nilirudi kwenye kiti nikalima mpaka saa kumi na moja, kisha nikashindwa kushuka. Nilijifanya naangalia mafuta mpaka Kemboi alipoondoka.

Jumapili, 18 Machi

Sikwenda kanisani. Nimesema ni mafua.

Jumatano, 21 Machi

Mgongo wenyewe si kitu. Ni mguu wa kushoto. Maumivu yanaanzia takoni, yanashuka nyuma ya paja, yanazunguka upande wa shavu la mguu na kuishia kwenye kidole gumba. Nikikohoa, yanashuka. Nikipiga chafya, yanashuka. Na klachi iko mguu wa kushoto. Kwa siku moja naikanyaga mara ngapi, Mungu ndiye anajua.

Jumatatu, 26 Machi

Mvua. Ekari tatu. Kemboi, ambaye jana tu nilikuwa namfundisha gia, amelima sita.

Jumatano, 28 Machi

Bwana Wickens aliniita varandani, daftari mkononi, amelifungua upande wa mbele.

"Ekari tatu? Wewe nafanya nini kule, nalala?"

"Mgongo, Bwana."

"Kila mtu hapa nasema mgongo. Mimi pia iko na mgongo." Alitazama mvua. Yeye si mtu mbaya; ni mtu wa ngano, na ngano haingoji. "Nenda kwa daktari, Nakuru. Kama daktari naandika barua, nasema wewe gonjwa kweli, mimi napa wewe kazi nyepesi, kulinda stoo. Nyumba nabaki. Kama hapana barua, fanya kazi kama watu. Kama hapana kazi, hapana nyumba."

Basi ni hivyo. Nyumba hii, kishamba cha mahindi nyuma yake, malisho ya ng'ombe wangu wanne, vyote viko kwa sababu mkono wangu unafanya kazi. Baba yangu amezikwa nyuma ya zizi la shamba hili hili, lakini kaburi si sababu ya kubaki. Mwaka jana familia ya mlinzi iliondolewa ndani ya siku tatu, mtoto wao akiwa na surua.

Ninataka barua moja tu. Na kweli ninaumwa, kwa hiyo sioni itashindikanaje.

Jumanne, 3 Aprili

Nimetoka Nakuru. Nitaandika yote, maana hapa hakuna anayenitazama.

Hospitali ni ya misheni, nje kidogo ya mji. Daktari ni mzee Lowrie, mwenye nyusi nyeupe na Kiswahili kinachoeleweka. Lakini aliyefungua mlango, amevaa koti jeupe la dresa, msaidizi wa daktari, alikuwa Kipsang. Sikuwa nimemwona tangu vita vya dunia. Mimi na Kipsang tulitahiriwa asubuhi moja, bega kwa bega, yeye kushoto kwangu. Wazee na shemeji walikuwa karibu, wakitazama nyuso zetu, si kisu. Mimi na yeye hatukupepesa kope. Mmoja tu katika rika letu alikunja uso. Jina lake halitajwi. Alihamia Ndabibi na hajarudi, wala hakuoa kwetu.

Tulisalimiana kwa furaha, tukaulizana watoto. Kisha ikabidi nivue shati mbele yake.

Daktari alifanya kazi taratibu. Alinisimamisha nimpe mgongo, akasema kiuno changu kimeinama upande. Alinitaka niiname, nikainama. Alinitembeza kwa vidole, halafu kwa visigino, nikatembea. Aligonga goti na kifundo kwa kinyundo cha mpira, miguu ikaruka. Alinichoma miguuni kwa pini, huku na huku, akiuliza kama pande zote mbili zinafanana. Zilifanana. Niliona kwamba yote hayo anayasoma mwenyewe, kama fundi anayesikiliza injini, nikapata matumaini.

Kisha akanilaza chali. Akasema, "Sasa hii ndiyo kubwa. Nitainua mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakianza kushuka mguuni, sema. Usivumilie. Nataka kujua yanaanzia hapa, au hapa, au hapa juu." Alionyesha kwa mkono hewani. "Sema ikiuma."

Kipsang aliyarudia kwa lugha yetu. Kwa lugha yetu yalikuwa maneno ya aibu.

Daktari akashika kisigino changu. Halafu, bila kujua anachofanya, mzee wa watu, akamwambia Kipsang, "Mimi nitaangalia mguu. Wewe mtazame uso."

Kipsang akanitazama uso.

Mguu ulikuwa umeinuka shubiri mbili tu kutoka kitandani moto ulipopiga mpaka kwenye kidole. Daktari akauliza, "Bado?" Nikasema, "Bado." Akainua. "Bado?" "Bado." Nilitafuta mahali kwenye dari, palikuwa na doa la maji ya mvua, nikalikazia macho. Mguu ukafika juu kabisa ukasimama kama mlingoti. Sikupepesa.

"Vizuri sana," daktari alisema, kama mtu anayeniletea habari njema.

Walinipiga picha ya eksirei. Aliiinua dirishani akanionyesha mifupa yangu, mizuri, imepangana. Nikamuuliza, ugonjwa ungekuwapo si ungeonekana? Akasema, "Hapana. Katikati ya mifupa kuna vipande laini. Kimoja kikipasuka, kinatoka nyuma na kukandamiza neva ya mguu. Picha haioni kitu laini. Mimi nakijua kwa mgonjwa: ukiinua mguu, neva inavutwa, na mtu hawezi kustahimili. Wewe umestahimili, kwa hiyo siyo. Ni misuli tu."

Nilikuwa na nafasi hapo. Kipsang alikuwa anaosha mikono, amenipa kisogo. Ningeweza kusema neno moja. Nilivaa shati.

Daktari aliandika barua akaifunga, akanipa na chupa ya dawa ya kuchua. Nilitoka nimenyooka. Nilipofika nyuma ya jiko la hospitali nikatapika.

Jumatano, 4 Aprili

Bwana Wickens alisoma barua akanipiga begani. "Misuli! Juma moja, halafu kazi." Trekta amepewa Kemboi. Mimi nitabeba mbegu za ngano kutoka stoo hadi kwenye mashine ya kupandia.

Alhamisi, 5 Aprili

Chepkurui aliniuliza daktari alisema nini. Nikamwambia misuli.

"Alikuinua mguu? Huu ambao ukigeuka usingizini unanifinya mkono?"

"Aliinua."

"Ukasema nini?"

Nikageukia moto. Akaacha kumenya viazi. Akasema kwa sauti ya chini, "Nani alikuwa chumbani?" Nilipomtaja Kipsang, alifunika uso kwa khanga.

Baadaye alisema maneno ambayo nitayaandika kama alivyoyasema: "Mimi nimezaa watoto wanne bila kupiga kelele, na wanawake walinisifu. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza panauma wapi ili anitibu. Wewe umeulizwa, arap Kosgei. Umeulizwa!"

Nilikasirika nikatoka nje. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki. Ananitaka nirudi Nakuru. Nimesema baada ya kupanda.

Alhamisi, 12 Aprili

Nimeanza magunia. Ishirini na mbili.

Ijumaa, 13 Aprili

Mvua. Magunia kumi na tisa.

Jumamosi, 21 Aprili

Mvua. Chepkurui haongei nami ila kuhusu chakula.

Jumatano, 25 Aprili

Obura alinisimamisha mlangoni pa stoo. "Arap Kosgei, hiyo mguu yako inapiga chini pa! pa! Nasikia kabla sijakuona. Enda hospitali."

"Nimejikwaa."

"Umejikwaa wiki mbili?"

Nikamwambia ashughulike na jino lake. Hakukasirika. Aling'oa hilo jino zamani, akalia siku nzima, sasa anakula nyama. Alinikalisha kwenye sanduku akanipa sindano ya magunia na uzi, nishone yaliyochanika. Nilishona mpaka jioni nikimchukia.

Jumatatu, 30 Aprili

Bado nashona. Obura anamwambia Bwana kwamba panya wamechana magunia mengi. Hakuna panya.

Alhamisi, 10 Mei

Mvua tangu usiku. Kiatu cha kushoto kimelika mbele. Mguu hauinui vidole, naurusha kutoka nyonga.

Lakini jambo la ajabu: maumivu yamepungua. Leo nimepiga chafya na hayakushuka. Nilimwambia Chepkurui, "Unaona? Nilivumilia, yamekwisha." Akanitazama kiatu.

Jumatano, 16 Mei

Hayaumi kabisa. Nimelala usiku mzima.

Ijumaa, 18 Mei

Bwana aliingia stoo akanikuta nimekaa na sindano. Alimkaripia Obura mbele ya watu wote. Jumatatu narudi kubeba.

Alhamisi, 24 Mei (nimeandika nikiwa Nakuru, hospitali)

Jumanne, gunia la nane. Nililishusha kutoka begani nikasikia mlio kiunoni, nikakaa chini bila kutaka. Sikuumia. Hata nilicheka. Kisha nikaona suruali imelowa, na sikuwa nimesikia chochote. Nilijishika takoni, ilikuwa kama kumshika mtu mwingine.

Obura aliwafukuza watu wote mlangoni. Akavua koti lake akanifunga kiunoni, asubuhi ile ya mvua, yeye akabaki na fulana. Halafu akaniinamia akanibeba mgongoni mpaka kwenye lori la maziwa. Njia nzima alikuwa analia kwa sauti, "Woi, ndugu yangu, woi," na mimi nilikuwa juu ya mgongo wake kimya. Kama angekuwa yeye mwenye mguu huu, tarehe tatu Aprili angepiga kelele mpaka Naivasha ingesikia. Angekuwa analinda stoo saa hizi.

Lori lilizama matopeni, tukafika Nakuru Jumatano mchana.

Daktari Lowrie alinilaza kitanda kile kile. Doa la dari limekua. Nilikuwa nimeamua njiani: nitasema kila kitu, awepo Kipsang, wawepo wazee wote, aje hata yule wa Ndabibi. Daktari akashika kisigino. "Sema ikiuma," akasema. Nikafungua mdomo tayari. Nikangoja. Nikageuza kichwa, nikaona mguu wangu uko juu karibu na bega lake.

"Bado?"

"Bado," nikasema. Na safari hii ilikuwa kweli.

Akagonga kifundo; mguu haukuruka. Akachukua pini. Akaanza na unyayo, akapanda upande wa nje wa shavu la mguu, nyuma ya paja, na pale ninapokalia. Nilikuwa naona mkono wake ukienda. Aliweka pini chini polepole.

"Kiprugut," alisema, mara ya kwanza kuniita jina langu, "ile siku ya kwanza. Iliuma?"

"Iliuma."

"Kuanzia wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono, shubiri mbili kutoka kitandani. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alikaa kwenye kiti akavua miwani.

Alipotoka kupiga simu Nairobi, Kipsang alibaki. Alisimama akishika chuma cha kitanda. "Niliona jasho juu ya mdomo wako," alisema. "Daktari aliniuliza ulipotoka, uso wake ulisema nini? Nikamwambia, hakuna kitu. Ningekusemea vipi? Ningesema rika langu amekunja uso?"

Karibu miezi miwili nimemlaumu mtu huyu kwa kunitazama. Kumbe alinilinda, kama nilivyojilinda mwenyewe. Tulishikana mikono. Yeye alilia, na mlango ulikuwa wazi.

Jumatano, 30 Mei, Nairobi

Nimeletwa kwa gari moshi, nimelala. Leo wamenichoma sindano ndefu kati ya mifupa ya kiuno na kuingiza mafuta mazito yanayoonekana kwenye eksirei. Wakanifunga kwenye meza, wakaiinamisha, kichwa juu, halafu miguu juu, mafuta yatembee. Kwenye kioo niliyaona yakishuka meupe ndani ya mgongo wangu, yakafika chini ya kiuno yakasimama. Wakainamisha tena. Yakasimama pale pale. Daktari wa upasuaji aliweka kidole kwenye kioo: kipande kimetoka chote, kimeziba njia, kimezikandamiza neva zote za chini.

Kwa hiyo sasa unaonekana, ugonjwa wangu. Watu sita wameusimamia wakiutazama.

Jumamosi, 2 Juni

Wamenipasua jana. Daktari ameniambia kazi imekwenda vizuri na nisitarajie mengi. Neva zikikandamizwa siku nyingi hivyo huwa zinakufa. Nikamuuliza, je, kama ningesema Aprili? Alijifanya anasoma karatasi.

Jumanne, 12 Juni

Mpira wa mkojo. Joto la homa. Mvua.

Alhamisi, 28 Juni

Hakuna hisia miguuni bado.

Jumatano, 11 Julai, Sachangwan

Nimerudishwa nyumbani kwa kiti cha mbao. Barua nimepata sasa, ndefu, ya kurasa mbili. Bwana Wickens aliisoma amesimama mvuani, akavua kofia. Alisema pole, na nilimwamini. Akasema pia kwamba mlinzi wa stoo lazima asimame, azunguke na tochi. Daktari Lowrie alikuja mwenyewe kunitetea, wakakubaliana hivi: Jumatatu tarehe thelathini atanipima tena. Kama hisia zimeanza kurudi miguuni, naweza kuja kusimama, na Bwana atangoja. Kama hazijarudi, nyumba ni ya Kemboi, anaoa Agosti.

Daktari amemfundisha Chepkurui kunipima. Kila alasiri, kuanzia unyayo kwenda juu.

Ijumaa, 13 Julai

Hatuna pini. Anatumia ile sindano ya magunia, Obura aliileta. Hakuna.

Jumatatu, 16 Julai

Hakuna.

Alhamisi, 19 Julai

Hakuna. Mvua inapungua. Ngano imeota vizuri shamba la juu, nimeiona kutoka mlangoni, mistari yangu imenyooka kuliko ya Kemboi.

Jumatatu, 23 Julai

Hakuna. Leo amenipima mara mbili. Niligundua ameshafunga vyombo vya rafu ya juu kwenye gunia, halafu amevifungua tena akavirudisha, ili nisione.

Jumamosi, 28 Julai

Jua, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Chepkurui alikuja saa tisa na sindano yake. Amekonda. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mguu wangu wa kushoto mapajani mwake, akaufuta vumbi kama wa mtoto. Alichoma unyayo. "Inauma?" Nikatikisa kichwa. Kisigino. "Inauma?" Alikuwa hatazami mguu. Alikuwa ananitazama uso, na mdomo wake ulikuwa unatetemeka kabla hata sijajibu. Akachoma kidole gumba, sindano ikaingia, nikaona damu.

"Inauma?"

"Inauma," nikasema.

Hakuamini. Akachoma tena, nami nikakunja uso, nikavuta pumzi kwa meno, nikasema, "Aa! Pole pole, mama!" Sijawahi kutoa sauti hiyo maishani mwangu. Niliitoa vizuri.

Chepkurui aliruka akaangusha kigoda. Alitoka mbio mpaka uani anaita, "Obura! Obura! Mguu umesikia! Amelia, nimemsikia kwa masikio yangu!" Nikamsikia Obura naye anapiga kelele huko stoo, na wanawake wa pareto wanaanza kuimba. Wanakuja huku sasa, wote.

Sindano bado imesimama kwenye kidole changu, ameisahau; naiona kwa macho tu. Jumatatu daktari anakuja.